Paa la Mama wa Njugu

Miaka ile ya hamsini, kabla sijaanza kuzurura nchi nzima kama mtu aliyesahau alikotoka, nilipata kazi Nakuru ya kuwafahamisha watu kwamba moto unaunguza.

Kazi haikuitwa hivyo. Iliitwa ukalimani. Zimamoto walikuwa na Bwana mmoja, Mwingereza mrefu mwenye masharubu mekundu, na huyu Bwana alikuwa na wazo kwamba badala ya kungoja nyumba iwake ndipo uende mbio na kengele, ni afadhali uende mapema ukazungumze na wenye nyumba. Wazo zuri. Hata leo, nikiwa na mvi mbili tatu na viatu vilivyochakaa kwa safari, bado nalisifu. Tatizo lake lilikuwa moja tu, kwamba wenye nyumba tulikuwa sisi, na nyumba hazikuwa zetu.

Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari juzijuzi, na Kiingereza changu kilikuwa bado kimenyooka kama kola iliyopigwa pasi. Nilikaa kwa binamu yangu katika landhi za kiwanda kimoja cha kushona magunia, upande wa chini wa mji, kule ambako upepo wa mchana ulitoka ziwani na vumbi jeupe ukalimwaga juu ya kila kitu kilichoanikwa. Landhi, kwa asiyezijua, ni majengo marefu yaliyokatwa vyumba vidogo vidogo. Familia moja, chumba kimoja. Baba na mama walilala upande huu, watoto upande ule, na katikati wakaning'iniza magunia yaliyokataliwa kiwandani. Chini ya hayo magunia ndipo jiko la makaa lilipokaa.

Usidhani watu walipenda kupika chumbani. Wenye kiwanda walikuwa wamekataza kupika nje. Moshi na majivu, walisema, vilifanya mahali paonekane vibaya kutoka barabarani, na barabarani walipita wageni wa heshima. Mnyapara wa landhi alizunguka jioni na kiatu kikubwa, na jiko alilolikuta nje alilipiga teke, hata kama lilikuwa na sufuria juu yake. Kwa hiyo watu wakaingiza moto ndani. Ndipo Bwana wa zimamoto akaja kuwaeleza kwamba moto wa ndani ni hatari kubwa. Basi moto wa nje ulikuwa uchafu, na moto wa ndani ulikuwa kosa. Ulibaki moto wa jehanamu tu, ambao mtu hakuhitaji ruhusa ya mnyapara kuukaribia.

Mkutano wa kwanza tuliufanya uwanjani, kati ya mistari ya nyumba. Zilikuwa siku za Hali ya Hatari, na watu wachache tu wakisimama pamoja kuzungumza walitazamwa kwa jicho baya. Lakini kusimama mia nzima juani ili kufundishwa habari za moto kuliruhusiwa. Kwa kweli kulilazimishwa.

Bwana alikuwa ameleta picha kubwa za rangi. Ya kwanza ilikuwa ya mtoto wa Kizungu amevaa gauni refu la kulalia, amesimama karibu na moto uliojengewa ukutani. Ya pili ilikuwa ya blanketi linalotumia umeme. Ya tatu ilikuwa ya mama aliyeacha kikaango jikoni akaenda kuzungumza kwa simu. Nilitafsiri yote. Wanawake walisikiliza kwa adabu, kama unavyomsikiliza mgeni anayekuhadithia habari za theluji. Mzee mmoja aliuliza kama blanketi la umeme linauzwa Nakuru, maana baridi ya Julai ilikuwa inakaribia.

Aliyeuliza swali la maana alikuwa jirani yetu wa mlango wa pili. Tulimwita Mama wa Njugu kwa sababu aliuza njugu karanga za kukaanga, akizifunga katika vipande vya gazeti. Mume wake alifanya kazi zamu ya usiku kiwandani na mchana alilala, kwa hiyo mambo yote ya nyumba yalikuwa juu yake. Binti yake mkubwa alikuwa ameangukia sufuria ya uji alipokuwa anajifunza kutembea. Alipona, lakini mkono ulishikana kwenye kiwiko na haukunyooka tena. Sasa mama alikuwa na mwingine, msichana mnene wa miezi michache, na huyo alikuwa ameanza kutambaa.

"Shemeji," aliniambia, "muulize Bwana. Mtoto wangu anatambaa. Chumba ni kimoja na jiko liko chini. Nifunge mtoto, au nifunge jiko?"

Bwana alifikiri, akasema jiko liwekewe wavu wa chuma kulizunguka. Nikatafsiri.

"Nikiweka wavu, mimi nitasimama wapi? Juu ya kitanda?" Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. "Mwambie sitaki wavu. Nataka paa hapo nje. Mabati matatu manne, na mawe yapangwe mpaka hapa kiunoni, jiko likae juu. Huyu asilifikie. Sitaki kitu kingine kwa Bwana."

Bwana aliitikia kwa kichwa, kwa furaha. Alisema hilo ni wazo zuri sana, na kwamba mawazo mazuri yanahitaji kamati.

Kamati ikaundwa. Mwenyekiti alikuwa mzee mmoja Mwislamu, ambaye watu wake walipanda kutoka pwani wakati reli inajengwa na hawakurudi tena. Alichaguliwa bila kupingwa, kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyekuwa na viti. Alikuwa na duka kando ya landhi, na katika duka hilo kulikuwa na pipa la mafuta ya taa lisilo na kifuniko. Hatua moja kutoka kwenye pipa kulikuwa na jiko ambalo halikuzimika tangu alfajiri, kwa ajili ya kahawa. Mikutano yote ya kamati ya kuzuia moto tuliifanyia hapo, baina ya pipa na jiko. Bwana alikunywa kahawa, akaisifu, akazungumza kwa urefu juu ya hatari zilizofichika.

Matunda ya kwanza ya kamati yalikuwa ndoo nyekundu. Kila mlango ulitundikiwa ndoo ya chuma iliyojaa mchanga, ili moto ukitokea mtu aumwagie. Mchanga wenyewe uliletwa na lori kutoka mtoni, mchanga mweupe, msafi, wenye chembe sawasawa. Zimamoto waliuchekecha wenyewe. Nadhani ndicho kitu kizuri kuliko vyote kilichopata kuletwa katika landhi zile bila mtu kukatwa mshahara.

Sasa, njugu hukaangwa kwa mchanga. Ukizitia njugu kwenye karai kavu zitaungua nje na ndani ziwe mbichi, lakini ukizizungusha katika mchanga wa moto zinaiva pande zote. Mchanga wa barabarani una vumbi, huharibu. Mchanga wa Bwana haukuwa na vumbi. Kwa muda wa wiki kadhaa, mji wa Nakuru ulikula njugu nzuri kuliko zote za Bonde la Ufa, na mchanga katika ndoo nyekundu ukashuka pole pole kama maji ya kisima wakati wa kiangazi.

Bwana aliniuliza mchanga unakwenda wapi. Nikamwambia labda ni upepo. Upepo wa Nakuru umesingiziwa mengi, na hili halikuwa kubwa. Alikuwa ameshika kifuko cha njugu alichonunua mlango wa pili. Alitafuna, akatazama ndoo, akatafuna tena, kisha akaagiza lori jingine.

Halafu likaja shindano. Mkubwa wa kiwanda alikuwa amekubali kushirikiana na zimamoto, mradi ushirikiano wenyewe usiwe mrefu. Mstari mmoja wa nyumba ungechaguliwa kuwa mstari salama kuliko yote. Bwana alitaka kutoa zawadi ya picha ya Malkia katika fremu. Mwenyekiti akanywa kahawa yake taratibu, akajifuta ndevu.

"Mwambie Bwana picha ya Malkia tunaiheshimu mno," aliniambia. "Ila haizuii mvua. Wanawake hawa wanataka paa la kupikia. Mstari utakaoshinda ujengewe paa, na picha aitundike humo ndani akipenda."

Namsifu Bwana kwa hili, kwa kuwa nimemsema kwa mengine: alikwenda akabishana na mkubwa wa kiwanda mpaka paa likakubaliwa. Lingejengwa moja tu, nje, kwa kibali, na mnyapara asiliguse.

Tangu siku hiyo Mama wa Njugu alitutawala. Aliwafanya wanawake wa mstari wetu wafagie mpaka ardhi ikang'aa. Magunia yaliyoning'inia yalishushwa, na mume na mke walioheshimiana kwa miaka walianza kulala wakitazamwa na watoto wao. Chupa za mafuta ya taa zilipandishwa juu ya kabati, na asiye na kabati aliziazimia kabati. Mchanga ulirudishwa ndooni, ule mweusi wa kukaangia ukiwa chini na mweupe kidogo juu kwa ajili ya macho. Aliwafundisha wote kuloweka gunia na kulitupa juu ya moto, jinsi Bwana alivyoonyesha, na aliyelitupa vibaya alirudia. Binamu yangu aliporudi kutoka kazini amechoka aliambiwa arudie mara nyingi kuliko wengine. "Huyu mama," aliniambia, "angekuwa nasi jeshini wakati wa vita, Burma tungetoka mapema."

Siku ya ukaguzi wageni walitarajiwa alasiri, baada ya watu kula na majiko kuzimwa. Mpango ulikuwa mzuri. Saa hiyo landhi yote isingekuwa na cheche hata moja, na mtu angeweza kuapa kwamba sisi ni watu tunaokula chakula kibichi. Lakini mkubwa wa kiwanda alikuwa na mchezo wake wa gofu alasiri, akaona ni heri aanze na sisi. Magari yakaonekana kwenye lango maharagwe yakiwa ndiyo kwanza yanachemka.

Mwenyekiti alikuja mbio, pindo la kanzu amelishika mkononi. "Ficheni moto," alisema. "Wamefika."

Mtu mwingine angemwagia makaa maji, ikaisha. Sisi hatumwagii makaa maji. Kwetu makaa yaliyowaka huvumbikwa, yaani hufukiwa chini ya majivu, yakalala humo yakiwa hai mpaka jioni, ukayafukua ukayapuliza. Bibi yangu alivumbika moto, na bibi yake. Mwanamke anayezima makaa mazuri kwa maji alionekana kama yule anayemwaga maziwa. Wakati huo huo haikuwezekana kuyaacha jikoni, yakaonekana. Wanawake wa mstari wetu wakatazama huku na huku, na kila mmoja akaona, mlangoni pake, chombo cha chuma kisichoshika moto, kimejaa mchanga. Walifukua, wakatia makaa, wakafukia juu. Mchanga mweupe ukarudi mahali pake. Nilipopita na wageni sikuona kitu, ila nilihisi kwamba siku ile ndoo zilikuwa na joto la kirafiki.

Mkubwa wa kiwanda na mke wake walitembea mlango kwa mlango. Hakukuwa na moshi. Hakukuwa na gunia lililoning'inia. Bibi alisema panapendeza. Meza ilikuwa imewekwa uwanjani, ina kitambaa cheupe na chai, na Bwana, uso wake ukiwaka kwa fahari, akasema sasa wageni wataona jinsi wakaaji walivyojifunza. Akamimina mafuta kwenye sinia pana la bati, akaliwasha, akamwita Mama wa Njugu alete ndoo.

Mama alikuwa amembeba mtoto mgongoni. Hakusogea.

"Shemeji," alininong'oneza, "mwambie achukue mchanga wa chini, wa ardhi. Hiyo ndoo asiiguse. Ina makaa."

Nilimwambia Bwana kwa Kiingereza changu chenye kola kwamba labda tungetumia ndoo nyingine. Aliona ni aibu ya kike. Akaniacha nikiwa katikati ya sentensi, akaenda mwenyewe mlangoni, akaitungua ndoo, mkono mmoja kwenye mpini na mwingine chini ya kitako, kama alivyotufundisha.

Mtu anayeshika kitako cha ndoo yenye makaa hana nafasi ya kufikiri. Bwana aliitupa tu, na kwa mazoea ya kazi yake aliitupa kuelekea kwenye moto. Mchanga ulitoka kwanza, kisha njugu chache zilizosahaulika humo, kisha makaa mekundu, mvua nzima, yakaanguka juu ya sinia, yakaruka, yakaingia chini ya meza ya chai. Mafuta yakamwagika. Kitambaa cheupe kikashika moto upande wa bibi.

Kilichofuata kilikuwa cha haraka kuliko ninavyoweza kukieleza. Mama wa Njugu alimtoa mtoto mgongoni akamtupia mwenyekiti, akalichukua gunia bichi lililokuwa tayari kando ya mlango, akalitupa juu ya meza, vikombe na yote. Wanawake wengine wakaja na ya kwao, kila mmoja akilitupa kutoka kwake kwenda mbele, jinsi walivyolazimishwa kurudia. Binamu yangu alilitupa vizuri kuliko wote. Moto ukafa. Zimamoto wawili waliokuwa wamesimama kwenye lori lao wakipendeza walikuwa bado wanafungua mpira wa maji.

Bibi wa mkubwa hakuungua, alilowa tu, na juu ya kofia yake palikuwa na uzi wa gunia. Bwana alikuwa ameutumbukiza mkono katika pipa la maji la jirani, akitazama mbali upande wa mlima Menengai.

Mafunzo yote ya miezi ile yalikuwa yamefanya kazi mbele ya macho ya wageni. Moto wa kweli ulizimwa na watu wa kawaida, bila kelele, bila mtoto kuumia. Ungetarajia mtu aliseme hilo. Mkubwa wa kiwanda alipanda juu ya kiti, akatoa hotuba fupi. Alisema ameona kwa macho yake kwamba mstari wa familia hauwezi kuaminiwa mbele ya moto. Mshindi, kwa hiyo, alikuwa mstari wa makapera, kule mwisho, ambako hapakuonekana hata dalili ya moto.

Ilikuwa kweli. Makapera hawakuwa na majiko. Hawakuwa na sufuria, wala mtoto, wala chakula. Walikula hotelini wakati wa mishahara na mwisho wa mwezi walikula matumaini. Ndio waliojengewa paa la kupikia.

Lilikuwa paa zuri. Nguzo zilipakwa rangi nyekundu, mabati yalikuwa mapya, na chini yake mawe yalipangwa mpaka kiunoni, kama alivyoomba yule ambaye hakupewa. Makapera waliweka ubao wa dama juu ya mawe yale. Waliusifia urefu wa mawe, kwamba mtu haumii mgongo akicheza.

Mama wa Njugu hakulalamika kwa kamati, wala hakuja kwetu kulia. Alikaa siku chache akipika chumbani, mtoto amefungwa kwa leso kwenye mguu wa kitanda. Kisha Jumamosi moja, mwisho wa mwezi, aliweka jiko kichwani na karai juu ya jiko, mtoto mgongoni, akashuka mpaka mwisho wa landhi. Nilimfuata, kwa udadisi tu. Makapera watatu walikuwa wanacheza dama.

"Habari zenu, vijana. Mmekula?"

Walisema wamekula. Mmoja akaongeza kwamba alikula juzi.

"Basi nisikilizeni. Mimi nitapika hapa kila siku, na jirani zangu pia. Maharagwe yakiiva, mtu wa kwanza kupakuliwa ni wewe, na wewe, na wewe. Dama chezeni pale kwenye ngazi."

"Lakini mama, hili ni paa la washindi," alisema mmoja, kwa sauti ya mtu anayetetea heshima bila moyo.

"Ndiyo. Washindi wanakula. Ondoa ubao."

Wakaondoa ubao. Jiko likapanda juu ya mawe.

Mnyapara alifika jioni ile ile na kiatu chake. Mwenyekiti alikuwa amekwishapata habari, akawa ameketi hapo kwenye kiti alichokileta mwenyewe, anakunywa kahawa. Alimwambia mnyapara, kwa upole wa watu wa pwani, kwamba paa hili ni la zimamoto na kiwanda kwa pamoja, limejengwa kwa ajili ya kupikia, na hakuna mahali pameandikwa nani apike. "Ukipiga teke hapa, bwana, unapiga mali ya tajiri wako. Piga, nipo, nitashuhudia." Mnyapara alitazama mawe yale marefu. Hata kama angetaka, mguu wake usingefika.

Bwana alikuja wiki iliyofuata, mkono umefungwa kitambaa cheupe. Alisimama akawatazama wanawake wa mstari wetu wakipika mbele ya makapera waliopanga foleni na sahani. Nilijiandaa kutafsiri hasira. Aliniambia nimuulize Mama kama mawe yanatosha urefu, au yaongezwe.

"Mwambie aangalie mwenyewe," alisema Mama, akigeuza njugu.

Tukatazama chini. Mtoto alikuwa ametambaa mpaka kwenye ukuta wa mawe. Alijishika, akasimama, akanyoosha mkono juu kadiri alivyoweza, na ule mkono ukaishia katikati ya ukuta. Akalipiga jiwe kofi, akakasirika, akakaa chini kwenye vumbi.